Maiki Yako Ina Shida, Mwalimu

Nyuma ya kompyuta yangu kuna matundu matatu ya sauti: moja la buluu, moja la kijani na moja la waridi. La waridi ndilo la kipaza sauti. Ninalijua vizuri kwa sababu mwaka niliovunjika mguu nililiinamia karibu kila siku, mguu mmoja ukiwa ndani ya plasta, tochi ya simu mdomoni, nikichomoa na kuchomeka waya uleule. Nilikuwa natafuta mahali sauti yangu ilikopotelea. Ningejua ilikokuwa ikienda, nisingepoteza hata dakika moja nyuma ya ile mashine.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya msingi nje kidogo ya Kiritiri, na sauti yangu si ya kupotea. Nikimwita mtoto aliye upande wa pili wa uwanja, mbuzi wa majirani nao huinua vichwa. Lakini nyumbani kwetu ni Ruiri, kule Meru. Shamba la baba yetu liko kule, na mguu wangu ulivunjika wiki chache tu kabla ya familia kuketi kuligawa. Nilianguka kutoka kwenye pikipiki, tena pikipiki iliyokuwa imesimama. Nilikuwa nashuka. Daktari akaniambia nisisafiri mpaka plasta itoke.

Baba alikuwa amefariki karibu miaka miwili nyuma. Alituacha watatu: mama, mimi, na ndugu yangu mdogo anayeishi hukohuko nyumbani na mke wake. Shamba letu ni kavu kama mashamba mengi ya Ruiri, isipokuwa kipande cha chini kinachopakana na mtaro wa maji. Hapo vitunguu vinakubali, nyanya zinakubali, hata mtu mvivu akitupa mbegu itaota. Mwaka mmoja kabla ya kufa, baba alinipeleka pale, mimi na yeye peke yetu, akaniambia kipande kile ni changu. Sikuolewa. Nimeishi kwenye nyumba za kukodi tangu nilipoajiriwa, na nimebakisha miaka michache nistaafu, na baba alikuwa akiyajua yote hayo. Hakukuwa na karatasi, hakukuwa na shahidi. Kulikuwa na mdomo wake na masikio yangu, basi.

Ndiyo maana ilinibidi nisikike. Kwetu, neno la shamba halisomwi, linasemwa. Anayelileta hulisema kwa mdomo wake mbele ya watu, wazee wakimtazama usoni, wakamuuliza maswali, naye akawajibu palepale. Ukiandika barua watasema umeandikiwa. Ukituma mtu watasema amenunuliwa. Baba mkubwa, kaka yake marehemu, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa mkutano, naye alikubali nihudhurie kwa kompyuta kwa sharti moja: nionekane uso na nisikike sauti.

Wazo la kompyuta lilikuwa la ndugu yangu. Yeye ndiye fundi wa ukoo wetu. Simu ya mama ikigoma, redio ya baba mkubwa ikikwama, shangazi akisahau namba yake ya siri, wote humpelekea yeye. Hata kompyuta yangu alininunulia yeye, ile ya mezani iliyokwisha kutumika ughaibuni, akaja nayo mpaka Kiritiri, akaifunga, akanifundisha kuandika ripoti za wanafunzi. Mama akanitumia kitambaa cha kufuma cha kuifunika. Niliposikia mkutano utafanyika Jumapili alasiri, nami nitauona na kuonekana, nilimpigia kumshukuru. Nilimdokeza kwamba nina neno la baba juu ya kipande cha chini. Akaniambia, "Hilo utalisema mkutanoni, Mwalimu. Ni haki yako." Nikalala kwa amani.

Jumapili ya kwanza nilivaa blauzi ya kanisani na kuuficha mguu chini ya meza. Sebule ya nyumbani ikatokea kwenye skrini: baba mkubwa na wazee wawili wa ukoo kwenye viti, mama kwenye kochi, na ndugu yangu kando ya mama, kompyuta yake ndogo mbele yake juu ya stuli. Alikuwa ameiunganisha na televisheni ili wazee wauone uso wangu kwa ukubwa. Alikuwa amechomeka kisikilizi kimoja sikioni. Sikukitilia maanani. Fundi ni fundi, na mafundi huwa na nyaya.

"Mwalimu, tunakuona," akasema. "Ebu sema kitu."

"Hamjambo nyote. Mwanisikia?"

Akaikaribia skrini, akakunja uso. "Hatukusikii."

"Mwanisikia sasa?"

"Wapi. Maiki yako ina shida, Mwalimu."

Nikapaza. Nikasema "Hallo!" kwa sauti ile ya uwanjani. Jirani yangu akagonga ukuta, akaniambia kwamba yeye ananisikia vizuri sana, kwani kuna nini? Nikacheka. Mpaka leo ninajichukia kwa kile kicheko. Baba mkubwa akasema basi, leo tutapima tu mipaka kwa maneno, na dada atengeneze mashine yake kabla ya mkutano ujao.

Mkutano uliofuata ulikuwa baada ya wiki mbili, na katika wiki hizo mbili ndugu yangu alinipigia simu karibu kila jioni. Hakuna mtu aliyewahi kunifundisha jambo kwa uvumilivu ule. Mimi nafundisha watoto, najua uvumilivu ni kazi ngumu kiasi gani. Alianza na waya. Akaniambia kisikilizi cha simu kina ncha moja inayobeba mambo mawili, kusikia na kusema, ilhali kompyuta ya zamani inataka ncha mbili, kila moja tundu lake. "Ndiyo maana, sista. Tundu la kijani linakupa sauti, lakini hiyo ya waridi haijapata kitu." Nilimshangaa kwa akili. Mwalimu mwenzangu alikuwa akienda Embu, nikamwagiza kisikilizi cha ncha mbili chenye kipaza sauti cha kukaa mbele ya mdomo. Nilipokivaa nilijiona rubani.

Kisha akaniingiza kwenye mipangilio. Bofya pale, teremka, chagua kipaza sauti, pandisha kiwango mpaka mwisho. Kuna mahali panapoonyesha vimistari vya kijani vinavyopanda mtu akisema. Nikasema "Hallo," vikapanda. Nikakohoa, vikapanda. Nikapiga meza, vikapanda mpaka juu kabisa.

"Vinapanda!" nikamwambia kwa furaha.

"Hiyo isikudanganye, Mwalimu. Hapo mashine inajisikia yenyewe. Haimaanishi sisi tunaisikia."

Nami nikaandika hilo kwenye daftari. Nina daftari lote la mambo aliyonifundisha, kwa hati nzuri, vichwa vimepigiwa mstari. Kuruhusu kipaza sauti kwenye faragha. Kuondoa draiva, ile programu ya kuendesha sauti, na kuwasha upya. Siku niliyoondoa draiva, sauti yote ikatoweka, hata ule mlio wa kuamka, nikakaa siku mbili na mashine bubu nikidhani nimeiua. Akanituliza kwa simu, tukairudisha pamoja hatua kwa hatua, yeye akinisubiri nijikokote na magongo kutoka kitandani mpaka mezani. Kisha akakisingizia kitambaa cha mama. Akasema vumbi na joto vinakusanyika chini yake na kuharibu kadi ya sauti. Nikakivua kitambaa, nikafungua ubavu wa mashine, nikafagia ndani kwa brashi ya viatu. Mungu ni shahidi, nilikikunja kile kitambaa na kukilaumu.

Kilichonimaliza ni majaribio. Katikati ya wiki tulikuwa tukipigiana kwa kompyuta, mimi na yeye tu, na hapo alinisikia. "Leo uko clear kabisa!" alikuwa akiniambia. "Jumapili itakuwa sawa." Jumapili ikija, sauti hakuna. Akaniambia Jumapili mtandao hujaa, watu wote wako nyumbani. Nikaona ni kweli, maana nani hayuko nyumbani Jumapili?

Jumapili ya pili waligusia kipande cha chini. Nikawasikia wazee wakilitaja neno mtaro, nikaanza kupunga mikono. Nikasema, hawakusikia. Nikaandika pale penye nafasi ya kuandikiana: NINA NENO LA BABA. Ndugu yangu akasema kuna ujumbe kutoka kwa dada, je, ausome? Baba mkubwa akainua kiganja. "Hapa hatusomeani barua. Neno la shamba lina mdomo." Ndugu yangu akanitazama kwenye kamera, akainua mabega kwa masikitiko. Nikachukua simu, nikampigia mama. Niliona simu ikiwaka mapajani mwake. Mzee mmoja akasema simu zizimwe, na ndugu yangu akaipokea kutoka mkononi mwa mama, kwa adabu kabisa, akaizima. Nilimwelewa. Kanuni ni kanuni.

Baada ya hapo akaniagiza ninunue kadi ya sauti ya nje, kidubwana kidogo kama kifuniko cha kalamu kinachochomekwa pale penye kuchomekwa flashi. Alisema kadi ya ndani imekufa, hakuna dawa. Nikakipata. Kikawaka taa ndogo nyekundu. Nikawa na matumaini tena.

Jumapili ya tatu ndiyo iliyokuwa ya mwisho, na baba mkubwa alisema hivyo mapema: leo neno litafungwa. Tulipoanza, mambo yakawa yaleyale. Lakini safari hii ndugu yangu akasema, "Inakata na kurudi. Wewe endelea kuongea, Mwalimu, usinyamaze, mimi nirekebishe huku. Labda itashika."

Basi nikaongea. Nilisema yote tangu mwanzo, nikitumaini kwamba katikati ya maneno mashine itafunguka na wazee wayadake hata kama ni nusu. Nilisema ilikuwa zamu yetu ya maji. Nilisema baba alikuwa amevaa gambuti, mguu mmoja umetoboka. Nilisema alitaka kukata tawi la mti ule tunaopanda mpakani, akakuta amesahau panga nyumbani, akavuka mtaro kwenda kuazima la jirani, akarudi akicheka kwamba shamba lake linawekwa alama kwa panga la mtu. Nilisema alilichomeka lile tawi kwenye udongo mbichi kwa mikono yake, akaniambia, "Hapa utajenga. Ukizeeka usihangaike na maji." Hapo nikalia. Sikuwa nimemlilia baba vizuri siku ya mazishi kwa sababu ya kupikia wageni, basi nililia pale mezani, nimevaa kile kisikilizi cha rubani. Wote walinitazama nikilia bila sauti kwenye televisheni yao.

"Wapi," akasema ndugu yangu. Akatikisa kichwa. "Imekataa."

Wakazungumza kidogo. Baba mkubwa akasema shamba lote liandikwe jina la kijana, kwa kuwa ndiye anayemtunza mama, na dada atapewa mahali pa kuweka nyumba kule juu, karibu na choo cha zamani. Nikapiga kelele hapana. Nikatikisa kichwa, nikatikisa kidole. Mzee mmoja akatabasamu akasema Mwalimu anatupungia. Kisha baba mkubwa akasimama, akasema tufunge na maombi.

Nami nikainamisha kichwa.

Sijui niseme nini juu ya hilo. Mtu aliyelelewa nyumba yetu hawezi kukaa kichwa juu watu wakiomba. Shingo inainama yenyewe. Baba mkubwa aliombea umoja, akaombea mvua, akamwombea marehemu, akayakabidhi maamuzi ya siku hiyo mikononi mwa Bwana, na mwisho wote wakasema amina. Na mimi nikasema amina, machozi bado yakinitiririka. Niliposhtuka ilikuwa imekwisha nitoka. Baba mkubwa akafungua macho, akaitazama televisheni. "Mwalimu naye ameinama, tumemwona. Na amina mdomo wake umesema." Kwetu, neno likishafungwa kwa maombi halifunguliwi, ila kwa sababu kubwa sana.

Nikajiambia sababu kubwa ninayo. Mashine ilikuwa mbovu. Nikipata fundi wa kuandika na kusema mbele ya baba mkubwa kwamba kadi ya sauti ilikuwa imekufa, basi sikuhudhuria mkutano kamwe, na amina yangu si amina. Nilijiona mwerevu.

Sokoni Kiritiri yuko fundi mmoja mzee, Mwislamu aliyehamia kutoka Embu mjini, aliyeanza na redio za mkulima zamani na sasa hutengeneza chochote chenye waya. Nikamwomba aje nyumbani kwa sababu ya mguu. Akaja na begi lake, akavua viatu mlangoni, akauliza, "Mwalimu, mgonjwa ni huyu?" Nikamweleza dalili zote kutoka kwenye daftari langu. Alisikiliza kwa heshima. Halafu akafungua kiprogramu cha kurekodi, akaniambia niseme lolote. Nikasema siku za wiki. Akabofya, na sauti yangu ikatoka kwenye spika, Jumatatu mpaka Jumapili, kali kama ya mtu anayegombana na kalenda.

"Hiyo ni mashine inajisikia yenyewe," nikamwambia.

Akanitazama. "Nani alikuambia hivyo?"

Akatoka nje na simu yake, akasimama kule getini, akaniambia nimpigie kwa kompyuta kama ninavyowapigia wa nyumbani. Nikapiga. Akanisikia. Akanitaka nitumie tundu la waridi, akanisikia. Nikatumia kile kidubwana chenye taa nyekundu, akanisikia. Akarudi ndani akikung'uta vumbi miguuni.

"Mashine haina makosa, Mwalimu. Siwezi kuandika ati ni mbovu. Ebu niambie, wewe huko unawasikia aje? Sauti yao ni safi?"

Nikamwambia ni safi kiasi, ila kuna mkwaruzo wa karibu karibu, kama nguo inasugua.

"Hiyo ni maiki ya earphone inasugua shati. Mwenye mashine huko amevaa earphone. Na akivaa, sauti yako haitoki nje. Inaingia kwa sikio yake peke yake."

Nilimfukuza. Ndiyo, mzee wa watu, ndani ya nyumba yangu. Nilimwambia kazi yake ni nyaya, si familia za watu. Akafunga begi polepole, akavaa viatu, akasema, "Sawa, Mwalimu. Upone mguu." Ilinichukua wiki tatu kwenda kumwomba msamaha, naye akanikaribisha chai kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nilimfukuza kwa sababu nilimwamini papo hapo, na sikuvumilia kuwa nimemwamini. Nimefundisha methali tangu ujana wangu. Nimewaandikia watoto ubaoni kwamba kikulacho ki nguoni mwako, nikawapa alama waliotoa mfano mzuri. Lakini usiku wa siku ile nilimtetea ndugu yangu ndani ya kichwa changu kwa hoja ambazo mtoto wa darasa la nne angezicheka. Labda hakujua. Labda televisheni ilikuwa na hitilafu. Labda alivaa kile kisikilizi ili kuzuia mwangwi, nao ukimya ukawa bahati mbaya tu. Hiyo ya mwangwi niliishikilia sana.

Kesho yake alasiri nikampigia. Sikumtajia fundi. Nilimwambia tu kwamba moyo wangu haujatulia, kwamba nataka baba mkubwa anisikilize nikipona, kwa kuwa baba aliniachia neno.

"Mwalimu, hii kitu ilifungwa na maombi," akasema. Sauti yake ilikuwa ileile, ya upole, ya bofya pale, teremka. "Mimi sikukatai. Lakini tuseme ukweli, mzee siku zake za mwisho alikuwa anasema mambo mingi. Huwezi toa shamba na tawi moja limekatwa na panga ya kuazima."

Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda. Nakumbuka nililishika gongo kwa mkono mmoja kana kwamba ninataka kusimama.

"Panga la kuazima nani amekuambia?"

Sikumpa nafasi.

"Tulikuwa wawili pale, mimi na baba. Sijamwambia mtu. Nimelisema mara moja tu maishani mwangu, na nililisema kwenye maiki yenye shida. Wewe umelisikia wapi?"

Kulikuwa na kuku nyuma yake, na mkewe akifua.

"Hallo?" akasema. "Hallo, Mwalimu? Naona network imeanza kusumbua. Sikusikii."

Akakata.

Nimesalitiwa na watu maishani, kama kila mtu. Mwanamume aliyeniahidi ndoa alioa mwingine. Mwalimu mkuu mmoja aliniandikia ripoti mbaya huku akinichekea. Lakini hao walinifanyia mabaya yao wakamaliza. Huyu alinisikiliza. Alinisikiliza nikiuliza mwanisikia, alinisikiliza nikipiga kelele, alinisikiliza nikilia, sikioni mwake, karibu kuliko nilivyowahi kuwa karibu naye tangu nilipokuwa nikimbeba mgongoni. Halafu jioni akanipigia kunielekeza tundu la waridi liko wapi. Ule uvumilivu ndio siwezi kuusamehe. Angenitukana ningeweza kumsamehe.

Plasta ilipotolewa, nilipumzika siku nne, kisha nikasafiri kwenda Ruiri. Sikumwambia mtu. Nilifika saa nne asubuhi. Ndugu yangu alikuwa amepeleka vitunguu sokoni Meru na mkewe alikuwa amemsindikiza. Nikapitia kule chini kwanza. Kipande chote kilikuwa kimelimwa mpaka ukingoni mwa mtaro. Lile tawi la baba, lililokuwa limeshika na kuwa mti wa kimo changu, halikuwapo. Hata shimo lake sikuliona, trekta ilikuwa imepita.

Mama alikuwa jikoni akichambua njahi, maharagwe meusi ya kwetu. Alifurahi kuniona, akaushika mguu wangu, akaupapasa, akasema umepona vizuri. "Muga, mwari," akanisalimu, akiniita binti, na nikakaa kwenye kigoda kama nilivyokaa pale utotoni. Mama huzungumza Kimeru nami. Haya ninayaandika kwa Kiswahili lakini yeye aliyasema kwa lugha yake, kwa sauti ya chini, mikono ikiendelea na njahi.

Nikamweleza. Nilimweleza polepole kwa sababu nilidhani lazima nimweleze kisikilizi ni nini, na kwamba sauti inaweza kuingia sikioni mwa mtu mmoja wengine wasiisikie. Nilimweleza habari ya panga la kuazima. Nilikuwa nimejiandaa kumshika akilia. Nilikuwa nimepanga hata maneno ya kumtuliza, kwamba asimlaani mwanawe, kwamba twende wote wawili kwa baba mkubwa, mimi niseme na yeye anishuhudie kuwa nimedanganywa.

Hakulia. Akatoa njahi moja iliyooza, akaitupa mlangoni kwa kuku.

"Baba yako aliniambia," akasema. "Jioni ileile. Alirudi na matope, akaniambia amekukatia kule chini. Akarudia tena hospitalini."

Nilimtazama. Kwa muda sikuelewa, na nikadhani ananiletea habari njema. Nikadhani nimepata shahidi.

"Basi, mama, twende. Ukimwambia baba mkubwa hivyo atafungua neno."

"Wewe una mshahara, mwari. Una pensheni inakuja." Hakuwa na ukali wowote. "Mimi nina yeye. Nikiugua ni yeye ananibeba. Mke wake ndiye ananipikia. Nikienda kusema hivyo, nitarudi kulala wapi?"

"Kwangu."

"Kwa nyumba ya kukodi. Kiritiri." Akatikisa kichwa taratibu.

Nikamuuliza kama alijua kuhusu mashine. Nilimuuliza kwa sauti ndogo, na ningelimshukuru kama angedanganya. Nilimwambia, mama, najua hukusikia, najua nawe ulidhani maiki ilikuwa na shida kama walivyodhani wote.

Mikono yake ikasimama.

"Nilikuwa nimeketi karibu naye," akasema. "Kale kadude ka sikioni kalikuwa kanavuja. Jumapili zote tatu nilikusikia. Na ile ya mwisho, ulipoanza kulia, sauti ilizidi, nikaona baba yako mkubwa anageuza kichwa kutafuta inakotoka." Akauvuta ungo karibu na magoti, akaanza tena kuchambua. "Nikamgusa ndugu yako hapa kwa goti. Nikamwambia akupunguze."